Koti la mvua la mtumba kwa anayebeba mlimani, nichague vipi?

Mgumu Mpya:
Wakubwa shikamooni. Nimepata safari yangu ya kwanza ya kubeba mizigo Kilimanjaro, njia ya Machame, siku 7, katikati ya Novemba. Nguo za mvua nimezitengea 60,000 tu. Jumamosi nilizunguka soko la Memorial, Moshi, nikaona koti jipya la nailoni la 15,000, zito kama turubai, na jingine la mtumba, jembamba, 45,000. Kuna na suruali ya mabakamabaka ya wawindaji wa Marekani, imara kwelikweli, 20,000. Nichukue nini?

Babu Shira:
Marahaba dogo. Hiyo ya mabaka iache hapohapo. Mwenyewe aliivaa kuwindia porini kwao, wewe ukiivaa Moshi utaulizwa kambi yako iko wapi. Agosti 2023 JWTZ lilitoa siku 7 raia wasalimishe mavazi ya namna hiyo.

La nailoni linazuia mvua, sibishi, ila na jasho nalo halitoki. Kutoka geti la Machame, mita kama 1,800, unapanda msituni mpaka karibu mita 3,000 na kilo 20 za mzigo. Unafika umelowa kwa ndani, na ukisimama tu baridi inakudaka. Safari yangu ya kwanza ilinikuta hivyo. Nililala na soksi za mwenzangu mikononi.

La mtumba usilinunue kwa nembo. Ligeuze. Mishono iwe imezibwa kwa utepe, hadi kwapani na kwenye kofia. Ukikuta ndani kunachubuka kama ganda la kitunguu, au kunanata, hilo limeshakufa. Likipita hapo, omba kikombe, tandaza kitambaa juu yake, kibonyeze kiingie kidogo, mimina maji, kisha mpigie muuzaji stori dakika 10. Kikombe kikiwa na tone, mrudishie koti lake.

Mama Belo:
Mimi nauza hizo nguo Kiboriloni, na Babu naona ameamua kunifilisi 😂 Mwanangu, maji yakilowesha kitambaa cha juu badala ya kuteleza kama kwenye jani la magimbi, usilitupe haraka. Lifue kwa sabuni kidogo, suuza sana, likikauka lipitishie pasi ya uvuguvugu. Dawa ya kulainisha na kunukisha nguo usiiguse kabisa. Na hiyo 45,000 alikuwa anakupima tu. Anzia 20,000.

Babu Shira:
Mama, samahani kwa biashara 🙏 Dogo, kabla hujatoa hela pita KPAP, ule mradi wa kusaidia wapagazi, hapohapo Moshi, wanawaazima wapagazi nguo za mlimani bure. Ukipata suruali, hela iliyobaki nunua poncho pana la kufunika mgongo pamoja na mzigo wako. Na nguo za kulalia zifunge kwenye mifuko miwili isiyopitisha maji. Hizo usizivae njiani hata mvua ikunyeshee namna gani.

Mgumu Mpya:
Nimerudi kuwapa mrejesho. Suruali nimeazima. Koti nimelichukua kwa 28,000, kikombe kilibaki kikavu, muuzaji kanuna. Poncho 12,000. Zipu ya mfuko wa koti imegoma, ila kwa sasa sina cha kuweka humo.