Tupeane uzoefu: fundisho gani la kiroho ulilipata kazini au jikoni, sio kanisani?

Mama Mahamri (Muyeye, Malindi):
Bwana asifiwe wapendwa. Nimeona tuwe na uzi wa yale mafundisho ambayo mtu hukuyapata kwa mchungaji, umeyapata jikoni ama kazini ama kwa jirani. Masharti mawili tu, iwe ni yako sio umesikia redioni, na usitutupie mstari mtupu bila kutwambia ilikuwaje.

Naanza. Mi napika mahamri ya kuuza, unga naukanda usiku, tui zito, iliki, sukari, hamira, nafunika na kitambaa nalala. Wakati wa kaskazi kwa lile joto unga unaumuka haraka mpaka unataka kutoka kwenye beseni, lakini ikiingia kusi, mwezi wa sita wa saba hivi, kuna ubaridi na saa kumi alfajiri unaukuta bado umelala. Binti yangu ndio ameanza kunisaidia na jambo hilo linamkosesha usingizi, kila saa anaamka kufunua beseni aone kama umepanda, na kila akifunua anaingiza baridi. Nikamwambia mwanangu funika ulale, unga hauna shida. Niliporudi kitandani nikakaa nawaza, manake kuna ndugu yetu tunamwombea aache pombe, na kila mtu wa ukoo akimpigia simu ni umeacha? umeacha? Tangu usiku ule mi nikimpigia namsalimia tu, namuuliza watoto, naomba kivyangu.

Alafu ile Mathayo 13, mwanamke na chachu, wangapi mmeona ni pishi tatu za unga? Pishi kwetu ni vibaba vine, kwa hivyo ni vibaba kumi na viwili! Huyo mama hakuwa anapikia watoto wake, huyo alikuwa na wateja.

Wa Tuktuk:
Yangu fupi. Nina mzee mmoja abiria wangu wa kila siku, mwislamu, nampeleka sokoni na msikitini. Kila nikimwambia mzee kesho saa mbili nakuja, ananambia "sema inshallah." Nikamwambia mzee mi ni mkristo, akacheka, akasema basi sema ya kwenu. Ya kwetu ipi sasa? Nikamuuliza mke wangu ndio msomaji, akanifungulia Yakobo 4, wale wanaosema leo au kesho tutaingia mji fulani tufanye biashara tupate faida, wakaambiwa waseme Bwana akipenda, tutakuwa hai na kufanya hivi au hivi. Kumbe iko, na tena inasemwa kwa watu wa biashara haswa. Sa hii nikimwambia mzee Bwana akipenda anaitikia amina. Na kwa hii bei ya petroli sijui nani analihitaji hilo neno kuliko sisi.

Jarife:
Mama Mahamri umenikumbusha. Mi ni mvuvi, na ile habari ya Petro kwenye Luka 5 wahubiri wengi wanaipita mbio, wanakimbilia samaki waliojaa vyombo viwili. Mi naganda kwenye mstari wa pili, pale wavuvi wameshatoka chomboni wanaosha nyavu.

Nyie ambao hamjaosha nyavu ngoja niwambie. Sisi wa jarife, ule wavu wa kutega, tunatega jioni tunatoa alfajiri. Ukirudi pwani mikono imechanika, macho yanawasha chumvi, na bado wavu una mwani, una vijiti, una kaa amejisokota humo na ukimvuta vibaya anakata uzi. Unamtoa pole pole mguu mmoja mmoja, huku jua linapanda na hujanywa hata chai ya rangi. Ukimaliza unatandaza, unatafuta palipokatika unashona. Kama usiku ulipata samaki kama nguru ama taa unaosha ukiimba, kama hukupata kitu unaosha kimya na hakuna anayemsemesha mwenzake.

Sasa mkishamaliza ndio anakuja mtu, tena fundi seremala, anakwambia rudini kilindini mshushe nyavu. Mchana! Yaani si suala la imani peke yake, ni kwamba nyavu zimeshasafishwa na akizishusha itabidi zioshwe upya. Petro alijua hivyo na akasema "kwa neno lako nitazishusha nyavu." Mi nikiombwa kitu na kanisa ama na mke wangu baada ya kazi kuisha, hapo ndipo roho yangu inapopimwa, sio asubuhi nikiwa na nguvu.

Wa Tuktuk:
Jarife hii wachungaji waisome. Sijawahi kuwaza kuhusu kuosha mara ya pili.

Fundi Makuti (Gede):
Mi sina maneno mengi kama Jarife. Makuti tunaezeka kuanzia chini kwenye ukingo tunapanda mpaka kileleni, kila safu inalalia ya chini yake. Sasa kuna mafundi wanayaachanisha, wanaweka nafasi kubwa ili makuti machache yatoshe nyumba nzima, na ukisimama nje huwezi kujua, paa ni zuri kabisa na mwenye nyumba analipa anashukuru. Mpaka masika, mwezi wa nne wa tano. Bosi akiniita kukagua paa la mwingine mi sipandi juu, naingia ndani saa sita mchana naangalia juu, unaona vitundu vya mwanga kama nyota. Wakorintho wa kwanza sura ya 3, kazi ya kila mtu itakuwa dhahiri. Basi.

Mwalimu wa Lamu:
Shalom. Mnisamehe nataka kuvuruga kidogo. Mi ni mwalimu, kwetu bara, nilihamishiwa Lamu. Hizi stori nazipenda ila hii tabia ya kila kitu lazima kiwe na fundisho wakati mwingine inaumiza watu. Mtoto wangu alishikwa na malaria kali akalazwa, na ndugu wa kanisani walikuwa wakija kututembelea, Mungu awabariki, lakini kila mmoja anauliza "mwalimu, Mungu anakufundisha nini hapa?" Mke wangu alikuwa hana hata nguvu ya kujibu. Jirani yetu, mama wa kiislamu, alikuja na uji kwenye chupa, akaona rundo la nguo za mtoto, akazibeba. Jioni amezirudisha zimekauka zimekunjwa. Hakuuliza swali lolote.

Yesu mwenyewe aliwataja wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara kule Siloamu, akauliza, mwadhani walikuwa wakosaji kuliko wote wa Yerusalemu? Akasema sivyo.

Fundi Makuti:
Mwalimu malizia mstari. Akasema msipotubu ninyi nyote mtaangamia vivyo hivyo.

Mwalimu wa Lamu:
Nimeumaliza fundi. Aliwambia walio hai wajiangalie, hakuwafasiria vifo vya wengine. Mi nikiona fundisho kwenye jambo langu ni sawa. Ukiliona wewe kwenye jambo langu, subiri nikuulize.

Mama Mahamri:
Mwalimu pole sana na asante, mtoto sasa mzima? Nakubaliana nawe na naongeza sharti la tatu, hapa hakuna kumfasiria mtu yake.

Mwalimu wa Lamu:
Mzima kabisa, sa hii anafukuza punda wa watu.

Mgema (Ganda):
Na sisi tunaokwea minazi tunakaribishwa ama mtatufukuza? Najua wengine humu pombe ya mnazi mnaona ni dhambi, mi nimerithi kazi kwa baba na watoto wanasoma kwayo.

Ile Yohana 15, kila tawi lizaalo hulisafisha ili lizidi kuzaa, mi naielewa kwa kotama, kile kisu chetu cha kugemea. Karara la mnazi, lile linalofunika maua yake, unalifunga kamba kabla halijafunguka, unalikata ncha, unaning'iniza chombo. Asubuhi unapanda unalikwangua kidogo tena, kipande chembamba kama karatasi, jioni vivyo hivyo. Ukiacha kulikata linakauka na halitoi tena. Na ukikata kwa pupa, kipande kinene, karara linaisha mapema, kwa hivyo kisu lazima kiwe kikali na mkono mwepesi. Sasa nimemsoma mwalimu nikasema huyu nimjibu, manake lile karara ninalolikata sio kwamba limekosa. Ni lile zuri. Baya silipandii hata.

Mwalimu wa Lamu:
Hio naipokea bila maswali. Ila mgema, Jumapili unapanda saa ngapi na ibada ni saa tatu?

Mgema:
Saa kumi na moja na nusu mwalimu, na nikishuka naoga. Mchungaji akinisalimia huwa ananikumbatia kidogo zaidi ya wengine, nahisi ananinusa.