Tupeane uzoefu: mtoto akionewa shuleni, nyumbani mlijuaje?

MamaWawili: Leo nimewaona njuka, wale wanafunzi wapya wa bweni, stendi ya Mbezi na matranka yao, moyo ukanipasuka. Wangu alirudi likizo amekonda, halali mpaka ahakikishe mlango una komeo. Nikimuuliza, "hamna kitu mama". Nilipomuuliza kitanda cha juu yake analala nani, machozi yakamtoka. Nyie mlijuaje?

Mzee_wa_Mbozi: Sisi tuliwafulia wakubwa mwaka mzima na tukawa watu. Mnawadekeza.

BintiPangani: Shikamoo mzee, hapo sikubali. Kaka yangu walikuwa wanamfungia kwenye kabati la nguo awe "redio". Wakigonga mara moja asome taarifa ya habari, mara mbili aimbe. Siku ya wazazi alimwomba baba amhamishe, akaambiwa avumilie, awe mwanaume. Usiku mmoja wakamfungia, wakaenda kulala. Ana pumu. Patroni, mlezi wa bweni, alimkuta asubuhi kengele ya mchakamchaka imeshalia, kucha zimechubuka kwa kukwangua mlango. Ni mtu mzima sasa, lifti hapandi.

Kapombe_Jr: Mungu wangu.

Shangazi_Tabora: Na waliomfungia je?

BintiPangani: Kinara aliitiwa mzazi. Baba mtu alimcharaza mkanda palepale ofisini. Walimu ndipo wakaelewa kule kwao kukoje.

Kapombe_Jr: Huyo ni kufukuza tu!

Shangazi_Tabora: Ukimfukuza anahamia kuonea kwingine. Mtaani kwetu kuna mtoto alikuwa anapora wenzie hela ya maandazi njiani. Mjumbe aliwakalisha wazazi wa pande zote mbili, kumbe kwao wanashindia mlo mmoja wa jioni. Mama mmoja akajitolea kumpa uji asubuhi. Uporaji ukakoma.

Kapombe_Jr: Uji hautibu ukatili wa kabati. Mfundisheni mtoto ngumi.

Mzee_wa_Mbozi: Binti, pole kwa kaka yako. Kufua sawa, kabati hapana.

BintiPangani: Mzee, vinaanzia hukohuko kwenye kufua.

Mwl_Mstaafu: Piga 116, simu ya msaada kwa mtoto, ni bure, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Akiumizwa, nenda polisi dawati la jinsia na watoto. Na mazungumzo yaanze darasa la kwanza: leo ulicheza na nani, nani alikaa peke yake? Aliyezoea kusimulia hafichi baadaye.

MamaWawili: Shule inafungua Jumatatu. Patroni akinipuuza?

Mwl_Mstaafu: Mkuu wa shule, kisha afisa elimu wa wilaya. Kwa maandishi, nakala ubaki nayo.