Ushirika wa umeme kumiliki mtambo wa gesi: mwanachama ana sauti gani?

Swali
Ndugu zangu, naomba ufafanuzi. Nimesoma kwamba ushirika wa umeme wa Brazos wa Texas, Marekani, ulimiliki mitambo mikubwa ya gesi, ukiwamo ule wa kaunti ya Jack. Kwetu ushirika ni wa kahawa, korosho au kuweka na kukopa. Je, mkulima wa kule ana sauti gani juu ya mtambo kama huo?

Jibu la kwanza
Anayo, ila hupitia ngazi mbili. Sheria ya umeme vijijini ya mwaka 1936 iliwawezesha wakulima, ambao kampuni binafsi ziliona hawana faida, kuunda vyama na kukopa serikalini ili wajivutie nyaya wenyewe. Kila mteja ni mwanachama mwenye kura moja, awe na kibanda au ranchi. Vyama 16 vya namna hiyo ndivyo vilivyomiliki Brazos, ulioanzishwa mwaka 1941, na wajumbe wao ndio walioketi kwenye bodi yake.

Jibu la pili
Naongezea upande wa mtambo. Gesi huungua katika turbaini ya kwanza, yaani mashine inayozunguka na kuendesha jenereta ya umeme, na moshi wake wenye joto la nyuzi 600 hivi hupelekwa kuchemsha maji, ambayo mvuke wake huzungusha turbaini ya pili. Mtambo wa Kinyerezi II wa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, hufanya kazi hivyo hivyo. Mitambo mipya ya aina hii hugeuza takriban asilimia 60 ya nishati ya gesi kuwa umeme, na katika ushirika nafuu hiyo humrudia mwanachama, kwa kuwa hakuna mwenye hisa wa nje anayesubiri gawio.

Jibu la tatu
Ni kweli, lakini hasara nayo humrudia yeye yule. Februari 2021 baridi kali iligandisha visima na mabomba ya gesi Texas, mitambo mingi ikazimika, na bei ya jumla ikapandishwa hadi dola 9,000 kwa megawati-saa kwa siku kadhaa. Brazos, uliolazimika kununua umeme katika soko hilo, ulipokea ankara za dola bilioni 2.1 kwa siku saba, na tarehe 1 Machi ukaomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi dhidi ya wadai wake. Mpango ulioidhinishwa Novemba 2022 uliutaka uuze mitambo yake na kubaki na kazi ya kusafirisha umeme, huku sehemu ya deni ikibebwa na vyama wanachama. Kwa maoni yangu, kura ya mwanachama ilipaswa kutumika mapema zaidi, katika kuhoji ni kiasi gani cha umeme kingenunuliwa sokoni endapo gesi ingekatika.