Naomba ushauri: najifunza kuruka kwa parachuti, nimepoteza kujiamini

Habari zenu ndugu zangu, wakubwa shikamooni. Nipo Florida, Marekani. Leseni ya kwanza, ile ya A, inataka miruko 25, na mimi nimekwama kwenye wa nne.

Miruko mitatu ya mwanzo walimu wawili walinishika huku na huku, nikawa sawa kabisa. Wa nne nikabaki na mmoja. Aliponiachia nikatulia kidogo, kisha nikaanza kuzunguka, polepole kwanza, halafu kwa kasi. Nikahangaika kurekebisha kwa mikono, ndiyo kwanza ikazidi. Mwalimu akanidaka, nikavuta kwenye futi 5,500. Parachuti ilifunguka vizuri, ila magoti yalitetemeka mpaka natua.

Kwenye video kosa linaonekana: mguu mmoja umenyooka, mwingine umejikunja, na nyonga nimezirudisha nyuma badala ya kuzisukuma mbele. Kichwani naelewa. Mwili ndio unakataa. Jumamosi iliyopita nilipanda ndege, mlango ulipofunguliwa na ule upepo wa baridi ukanipiga usoni, nikashika benchi nikaomba kushuka na rubani.

Sitaki kuacha, naupenda mchezo huu kwa moyo wote.

Waliopitia haya, mliutulizaje mwili? Niende kwanza kwenye handaki la upepo, yaani kile chumba cha upepo mkali unaokuinua ukaelea kama uko angani, nijifunze kuhisi miguu yangu, au nirudi angani haraka kabla woga haujaota mizizi? Na pale mlangoni, mnapumuaje?