Tupeane uzoefu: umehamia benki ya kwenye simu, siku ya matatizo ulihudumiwaje?

Mwanzisha mada, Morogoro

Ndugu zangu, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari, na kwa muda sasa ninafikiria kuhamisha mshahara wangu kutoka benki yenye matawi kwenda kwenye akaunti inayoendeshwa yote kwa programu ya simu. Akaunti yenyewe nimekwisha kuifungua: niliingiza namba yangu ya NIDA, nikapigwa picha ya uso huku nikielekezwa kugeuza kichwa kushoto na kulia, na kabla chai haijapoa nilikuwa na namba ya akaunti. Makato ni madogo, na umeme wa LUKU naununua hata usiku wa manane, tarakimu zile 20 zikaingia papo hapo.

Kwa hiyo siulizi kama huduma hizi ni rahisi, maana hilo tumeliona tangu huduma za akiba na mikopo kwa simu zilipokuja, M-Shwari ikaanza Kenya mwaka 2012 na M-Pawa ikafuata kwetu mwaka 2014. Ninachoomba ni simulizi za siku mambo yalipokwama: fedha zimekatwa na hazikufika, simu imepotea, akaunti imezuiwa. Ulimwendea nani, naye alikujibu nini? Majina ya benki tuyaache, tueleze tukio.

Mchangiaji, Mwanza

Mwalimu, mimi ninauza vipuri vya magari, na simu yangu iliibwa stendi. Laini niliirudisha siku hiyo hiyo kwenye duka la mtandao kwa alama ya kidole, nikadhani shida imekwisha. Nilipopakua programu kwenye simu mpya, ilinikatalia, kwa sababu ilikuwa inaitambua ile simu iliyoibwa, ikataka kwanza kuufananisha uso wangu na picha ya kitambulisho iliyopigwa miaka mingi iliyopita, nikiwa mwembamba na bila ndevu. Kila nilipojaribu iligoma. Wakati huo kulikuwa na mzigo umefika kutoka Dar es Salaam na dereva anasubiri malipo yake.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba namba ya huduma kwa wateja ilikuwa ndani ya programu ile ile nisiyoweza kuifungua. Nilipoipata kwa mwenzangu, ofisa aliniuliza miamala yangu ya mwisho na jina kamili la mtu niliyemtumia fedha, kisha akanipigia kwa video akaniona mwenyewe. Alikuwa mstaarabu sana, na hakuna shilingi iliyopotea, lakini mzigo nililipiwa na shemeji. Tangu hapo namba ya huduma nimeiandika kwenye daftari la dukani, na fedha za mzunguko siziweki zote mahali pamoja. Aidha, piga *106# uone ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, kwa sababu mwenye kuishika laini yako amekwisha kufika mlangoni pa akaunti yako.

Mchangiaji, Dodoma

Kwangu fedha zilikatwa wakati wa kumtumia mdogo wangu aliye mtandao mwingine, naye hakupokea. Nilitunza kumbukumbu namba ya muamala, nikaituma huduma kwa wateja, zikarudi. Bila namba ile watu wanazungushwa. Usiifute meseji hata moja mpaka upande wa pili athibitishe.

Mchangiaji, Mombasa

Salamu kutoka pwani. Mimi ninauza leso na ni mweka hazina wa chama chetu cha akina mama. Akaunti yangu binafsi ya simu haijawahi kunisumbua. Shida ilitokea tulipotaka kuhamisha pesa za chama. Katika benki yetu ya zamani, pesa hazitoki mpaka watia saini watatu wakubaliane, na karatasi hiyo ya saini ndiyo imetuweka pamoja miaka yote bila ugomvi. Programu tuliyoijaribu ilimtambua mtu mmoja tu, mwenye simu. Yaani pesa za wanachama wote zingekuwa chini ya kidole changu, na Mungu aepushe, siku nikifariki, wenzangu wangeanza kufuata urithi mahakamani pamoja na watoto wangu. Nilikataa, ingawa baadhi yao waliona ninawarudisha nyuma. Ziko huduma zinazoruhusu wanachama kuidhinisha kila malipo, lakini ulizeni hilo kabla ya kuweka hata senti. Mimi jambo hili sitalilegezea.

Mchangiaji, Reading, Uingereza

Mwalimu, huku kuhama kwenyewe kumerahisishwa. Tangu Septemba 2013 kuna utaratibu wa kitaifa ambao benki mpya inakuhamishia mshahara, kodi ya nyumba na malipo yako yote ya kila mwezi ndani ya siku 7 za kazi, na akaunti ya zamani inafungwa yenyewe. Benki kama Monzo na Starling hazina matawi kabisa, na wengi wetu wauguzi tumezipenda, kwa sababu zamu zetu hazikuwahi kupatana na saa za benki.

Mtihani niliupata kwenye benki ambayo sitaitaja. Zamu yangu ya upatu ilifika, wenzangu wakaniingizia fedha siku moja, na kufikia jioni akaunti ilikuwa imezuiwa. Niliandika kwenye dirisha la mazungumzo, nikajibiwa tu kwamba wanaendelea kukagua. Baadaye nilikuja kufahamu kwamba sheria ya mwaka 2002 kuhusu mapato ya uhalifu inaweza kumzuia mfanyakazi wa benki kumweleza mteja sababu, kwa hiyo hata meneja wa tawi huenda angenyamaza vilevile. Lakini meneja ningemwona uso kwa uso, nimweleze upatu ni nini. Kumweleza mtu asiyejua upatu kwa kuandika kwenye simu, huku kodi ya nyumba inadaiwa kesho yake, kulinitoa machozi. Nilituma orodha ya wanachama na taarifa za akaunti, wakaifungua. Sasa tunapopokezana, kila mmoja anaandika neno lile lile la maelezo kwenye muamala wake.

Mchangiaji, Arusha

Mimi ni mhasibu mstaafu. Mwalimu, tazama kwanza kama aliyekupa akaunti yumo kwenye orodha ya benki zenye leseni ya Benki Kuu, au ni programu tu inayokopesha. Amana zilizo benki zinakingwa na Bodi ya Bima ya Amana hadi shilingi milioni 7.5 kwa mteja; Kenya ni shilingi 500,000 za kwao, na Uingereza ni pauni 120,000 tangu Desemba 2025. Pili, una mkopo wa mshahara? Kama unao, benki inayokudai haitakubali mshahara uhame kabla ya kumaliza deni au kukubaliana nayo kwa barua. Wengi hugundua hilo wakiwa wamekwisha kujaza fomu kwa mwajiri.

Mwanzisha mada

Nawashukuru sana. Mkopo ninao, tena umebaki zaidi ya nusu, kwa hiyo mshahara utaendelea kupita kwenye benki ya zamani, nami kila mwezi nitahamishia kwenye simu fedha za matumizi tu. Dada wa Mombasa, naomba utueleze zaidi kuhusu huduma hizo za kuidhinisha kwa pamoja, kwa sababu hapa shuleni tuna chama cha kufa na kuzikana, na fedha zake zote ziko kwenye simu ya mtu mmoja.