Vyuo vya Iringa vinaweza kushirikiana maktaba kama Claremont?

Mwaka wa Tatu, Iringa
Kamwene wakuu. Nasomea ualimu, Historia na Kiswahili. Mhadhiri wetu alitutajia vyuo vya Claremont, California: Pomona, Scripps, Claremont McKenna, Harvey Mudd na Pitzer, pamoja na viwili vya shahada za juu. Kila chuo kina mkuu wake na bodi yake, lakini maktaba ni moja, na mwanafunzi wa Pitzer anaweza kuchukua somo Pomona. Hapa mjini tuna Mkwawa, RUCU na Chuo Kikuu cha Iringa. Kitabu ninachokitafuta kwa ajili ya utafiti nimesikia kipo chuo cha jirani, na sijui naanzia wapi kukiomba. Wenzetu walianzaje?

Soweto, Mbeya
Mdogo wangu, wale wana hela. Huku kwetu kuna MUST, TEKU, Mzumbe na Wakatoliki, kila mtu na ratiba yake. Nani atakubali kuanza?

Mama Maktaba
Mwanangu, marahaba. Hela wanazo, lakini chanzo hakikuwa hela. Pomona ilianzishwa 1887, na ilipofika miaka ya 1920 wanafunzi walikuwa wanaongezeka. Mkuu wake, James Blaisdell, hakutaka chuo kivimbe. Akachukua mfano wa Oxford: vyuo vidogo vikae jirani, vizunguke maktaba ya pamoja. Mpango ukaanza 1925, Scripps ya wasichana ikafuata 1926. Leo hata zahanati na walinzi ni wa pamoja.

Ila Claremont siyo kipimo chetu. Kule vyuo vimepakana, mtu anatoka darasani anatembea kwa miguu hadi chuo kingine. Watazame wa Massachusetts: Amherst, Smith, Mount Holyoke na Hampshire, pamoja na Chuo Kikuu cha Massachusetts, ambacho ni cha serikali. Hawa wametawanyika katika miji tofauti, wanaunganishwa na mabasi, na mwanafunzi hulipia masomo chuoni kwake tu hata akisoma somo kwa jirani. Umoja wao ni wa tangu 1965. Cha umma na vya binafsi wamekaa meza moja! Sasa jiangalie: Mkwawa ni cha umma, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam; RUCU ni cha Wakatoliki; Chuo Kikuu cha Iringa ni cha Walutheri. Huo ndio mfano wetu, na kwa daladala tunafikiana.

Kuhamisha alama za masomo ni kazi kubwa, mpaka seneti zikubaliane na kalenda zilingane. Kitabu hakihitaji hayo yote. Maktaba za vyuo nchini tayari zina umoja wao, COTUL, wa kupata majarida ya mtandaoni kwa pamoja. Tunashindwaje na rafu zilizo mji mmoja? Mimi naumia kuona kitabu kimelala upande huu na msomaji wake yuko upande ule.

Soweto, Mbeya
Hapo kwenye cha umma umenigusa, mama. Sikuwa najua.

Mwaka wa Tatu, Iringa
Shikamoo mama, asante sana. Barua nimwandikie nani?

Mama Maktaba
Usiandike wewe. Nenda kwa mkutubi wa chuo chako, umpe jina la kitabu na la mwandishi, umwombe barua ya utambulisho kwa mkutubi mwenzake. Omba kusomea humo humo ndani, siyo kuazima. Ni rahisi zaidi kukubaliwa. Beba kitambulisho na daftari. Wenzako wanaohitaji vitabu vya kule nao waombe, ili wakutubi wawe na sababu ya kukutana.