Tupeane uzoefu: tunaofuma na kushona kwa ajili ya kugawa

Mleta mada

Ndugu wanajamvi, salaam. Nafuma kofia za watoto njiti kwa miaka kadhaa sasa, na naleta mada hii kwa sababu ya fuko langu la kwanza, ambalo lilirudi karibu lote. Nilipeleka wodini kofia 40 za uzi wa sufu, kila moja ikiwa na ua la utepe mbele na kifungo pembeni, nikidhani nimepatia. Muuguzi aliyezipokea hakunisema vibaya. Alichukua moja, akaigeuza nje ndani, akapitisha kidole kwenye nyuzi zilizolegea, kisha akanieleza kuwa kidole cha mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 ni chembamba mno, na uzi ukikizonga damu haipiti. Ua na kifungo huweza kung'oka vikaishia mdomoni, na sufu huacha manyoya, huwasha, tena hujikunyata ikifuliwa kwa maji ya moto. Isitoshe, kofia zilikuwa za kumtosha mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake, ambaye kichwa chake huwa na mzunguko wa sentimita 35 hivi, ilhali wao walikuwa na watoto wa sentimita 25. Tangu hapo sishiki sindano kabla ya kuuliza kinachotakiwa na kipimo chake. Wenzangu mlijifunzaje?

Mchangiaji wa kwanza

Mimi ni mtu wa cherehani, nashona sodo za kufua: flana juu, tabaka za kunyonya katikati, na chini kitambaa kisichopitisha maji. Kosa langu lilikuwa kukata flana bila kuiloweka kwanza. Ilipofuliwa mara ya kwanza ilirudi, kitambaa cha chini kikabaki vilevile, na sodo zote zikajikunja kama majani makavu. Siku hizi naloweka, naanika, napiga pasi, ndipo nashika mkasi.

Kosa la pili nililiona baadaye sana. Nilikuwa nachagua flana nyeupe kwa kuwa machoni pangu nyeupe ndiyo safi, hadi wasichana wenyewe waliponiomba rangi iliyokoza au yenye maua, kwa sababu sodo inatakiwa ikauke vizuri juani, na hakuna anayependa kuanika hadharani kitambaa chenye alama ya doa. Ningewauliza mapema, wasingekuwa wanazificha uvunguni zikiwa mbichi.

Mchangiaji wa pili

Naandika kama mpokeaji. Nywele zangu zilipopukutika kwa sababu ya dawa za saratani, nilipewa kofia nzuri sana ya kushonwa, lakini mshono wake ulipita katikati ya utosi, na ngozi ya kichwa kisicho na nywele huhisi kila kitu. Niliivaa nje ndani kwa wiki nyingi, mishono ikionekana, na sikujali. Mnaoshona kofia hizo, tafadhali tumieni pamba laini na mshono uwe bapa.

Mchangiaji wa tatu

Kwa wanaoletewa mabaki ya nyuzi yasiyo na lebo, mimi huchoma kipande kidogo juu ya sahani. Pamba hunuka kama karatasi na kuacha jivu laini, sufu hunuka kama nywele zilizoungua, na akriliki, yaani uzi wa kutengenezwa kiwandani usiotokana na mmea wala mnyama, huyeyuka ikaganda kama ushanga mgumu. Akriliki naipenda kwa mablanketi, maana hustahimili kufuliwa mara kwa mara, ila pasi ya moto huiharibu kabisa. Hivyo kila blanketi nalifungia kikaratasi kinachotaja aina ya uzi na namna ya kulifua.

Mleta mada

Ahsanteni sana, hilo la kikaratasi naanza nalo wiki hii. Wodi niliyowaeleza sasa imeomba soksi, nami kisigino kinanishinda, kila nikikunja kona naachia tundu. Mwenye njia nyepesi anielekeze.